Ratiba Isiyo na Saa: Mzee Eliamini Asheri Kiondo na Kazuva ya Mlesa

Wazee wetu, shikamooni. Mchungaji, ndugu, majirani, na ninyi mliopanda mlima kutoka Same na Hedaru tangu alfajiri, poleni na safari na poleni na msiba. Mmeshika ratiba mikononi, na wengine mnaigeuza mbele na nyuma mkitafuta saa ya kwenda kaburini. Msihangaike, haimo. Hata wachapaji kule Same walitupigia simu mara mbili kuuliza kama tumesahau. Hatukusahau. Sababu mtaijua kabla msomaji wenu, mwanawe Magreth, hajarudi kitini, maana maisha yote ya mzee wetu yamezunguka jambo hilo hilo moja.

Eliamini Asheri Kiondo alizaliwa tarehe 3 Juni 1946 katika kijiji hiki cha Ngeraha, tarafa ya Gonja, wilaya ya Same, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Asheri Kiondo na Bibi Eliwaza. Bibi Eliwaza hakuwa na saa, na nyumba nzima hapakuwa na saa. Karani wa kanisa alipomuuliza mtoto alizaliwa saa ngapi, alijibu, "Kazuva ilikuwa imeshafunguka, lakini ilikuwa haijaanza kufunga." Karani akaandika saa tano asubuhi, na hakuna aliyebisha.

Kwa wajukuu mliokulia mjini: kazuva, kwa Chasu, yaani Kipare chetu, ni kama kusema kijua kidogo. Ni mmea mfupi wa kinamasi, haufiki gotini, wenye majani ya mviringo yanayonukia ndimu mbichi ukiyavunja, na ua moja la njano juu. Asubuhi ua limefumba. Jua likipanda na kuligusa, mnamo saa nne, linafunguka. Saa nane limeshajifunga tena. Kinamasi cha Mlesa, pale juu ya ndiva, bwawa letu la maji, kilikuwa kimejaa kazuva hizo, na kijiji kizima kilijipimia siku kwa kutazama juu. Kama Mlesa ni kijani, bado asubuhi. Kama Mlesa imegeuka njano, ni saa nne, weka maharage jikoni.

Alisoma shule ya misheni hapa Ngeraha kuanzia mwaka 1955, kisha shule ya kati, akamaliza mwaka 1962. Masomo alikuwa anayaweza, lakini kuchelewa ndiko kulikomtesa. Siku moja ya mawingu, mwezi Aprili 1957, aliingia darasani wenzake wakiwa wanatoka. Mwalimu akamuuliza, "Kiondo, unatoka wapi saa hizi?" Naye akajibu kwa heshima zote, "Mwalimu, kazuva haikufunguka." Darasa liliangua kicheko, mwalimu mwenyewe akageukia ubao ili wasimwone anacheka, halafu akamchapa. Baba alitusimulia mara nyingi kwamba viboko vile havikumuuma kama kile kicheko. Siku hiyo alijiapiza: akiwa mtu mzima atakuwa na saa yake mwenyewe, ya mkononi, isiyojali mawingu.

Na akaipata. Mwaka 1964 aliteremka tambarare kufanya kazi katika shamba la mkonge ng'ambo ya Hedaru, akaanza kwa kukata, akapandishwa kuwa msimamizi wa zamu kwa sababu alikuwa hapendi uzembe. Mwaka 1969 alinunua saa kwa Mzee Salimu, fundi saa aliyekuwa na meza yake pale Hedaru karibu na malori yanapoegeshwa. Mzee Salimu alimwambia, "Hii haitakuangusha, ila usiiamini sana." Eliamini hakusikia maneno ya mwisho. Alikuwa ameshaifunga mkononi na anatafuta mtu wa kumuuliza ni saa ngapi.

Alirudi nyumbani mwaka 1971. Tarehe 23 Septemba 1972 alifunga ndoa na Koleta, binti wa Maore, mtoto wa Kikatoliki aliyekubali kupanda mlima na kuingia usharika wa Kilutheri, ila rozari yake akaja nayo na mpaka leo iko kwenye droo. Mzee hakuwahi kumsumbua. "Kila mtu na zamu yake ya kuomba," alikuwa akisema. Siku ya harusi bwana arusi alifika kanisani saa nne kamili kama ilivyotangazwa, akasimama mbele peke yake, na bibi arusi akafika saa sita, maana kule Maore walikuwa wanangoja basi. Eliamini akamwonyesha saa. Koleta akaitazama, akasema, "Nzuri. Kwa hiyo umeolewa na hiyo, au unanioa mimi?" Kanisa zima lilisikia. Ndoa hiyo imedumu miaka hamsini na mitatu, na sijui kama yuko mtu aliyewahi kumshinda Mama Koleta kwa maneno.

Mwaka 1976 kijiji kilimchagua kuwa msimamizi wa ndiva, kazi aliyoifanya miaka thelathini na mitano. Wageni wetu, ndiva ni lile bwawa mlilolipita mkipanda, lililochimbwa na babu zetu kwa mikono. Usiku linajaa, alfajiri linazibuliwa, maji yanashuka kwa mifereji mpaka mashambani, na kila ukoo una zamu yake. Zamu ya kwanza ilikuwa tangu kuzibuliwa hadi kazuva ifunguke. Zamu ya pili, tangu ifunguke hadi ifunge. Mnaona wenyewe ugomvi ulikuwa unaanzia wapi! Siku ya mawingu kazuva inakawia, na wa zamu ya kwanza wananywesha mashamba yao mpaka migomba inaogelea, huku wa zamu ya pili wamesimama na majembe wanatukana mawingu. Watu walipigana. Watu walihama kanisa kwa sababu ya mawingu.

Eliamini akaleta saa yake. Saa nne kamili, iwe jua iwe mvua, maji yanahama. Alisimama kwenye mlango wa ndiva mkono juu, akihesabu sekunde za mwisho kwa sauti, na hata baba yake mzazi hakuongezwa dakika. Ugomvi ulikwisha. Watu walimpenda, wakamwita Saa Nne, na jina hilo akalipenda kuliko la ubatizo. Hapo ndipo kazuva ilipopoteza kazi kijijini kwetu. Hakuna aliyeliona hilo wakati ule, isipokuwa mtu mmoja.

Mwaka 1983 ulikuwa mwaka wa njaa kwetu. Ndiva ilijaa nusu, halafu robo. Wazee wakakaa, wakasema maji yananaswa kule juu Mlesa, kinamasi kinayanywa kabla hayajatufikia, kisafishwe. Tarehe 9 Agosti Eliamini akapuliza pembe ya msaragambo. Pembe hiyo ya tandala ikilia, kila nyumba hutoa mtu na jembe, na ukiipuliza bila kazi ya kijiji, adhabu yake ni kuwalisha wote waliokuja. Walikuja wote. Walichimba siku tatu, wakatoa matope meusi, wakang'oa kila kilichoota.

Aliyejaribu kuwazuia ni dada Faustina Mbwambo, jirani wa chini ya mfereji, ambaye tunaye hapa mbele, ana miaka themanini na minne na anasikia kila neno. Alisimama katikati ya kinamasi, matope yamemfika magotini, akasema, "Eliamini, hizo kazuva mkizimaliza, nani atatuambia saa?" Na marehemu, Mungu amrehemu, hakujibu kwa mdomo. Aliinua mkono wa kushoto, akavuta mkono wa shati, akaonyesha saa. Watu walicheka kama darasa lile la mwaka 1957. Safari hii wanacheka upande wake. Dada Faustina akatoka kinamasini, akaenda zake.

Na kwa kuwa desturi ya msaragambo ni kumshukuru aliyeusimamia, vijana walibeba matope yale meusi ndoo kwa ndoo, wakamkandikia Mama Koleta jiko jipya. Kumbukeni jiko hilo.

Maji yaliongezeka misimu miwili. Baada ya hapo chemchemi ikaanza kupungua, mwaka baada ya mwaka, na Mlesa ikawa shamba la tangawizi na magimbi, familia sita, yetu ikiwa na kipande kikubwa kuliko wote. Wilaya yetu ilikuwa na vinamasi vitatu vyenye kazuva. Cha chini, upande wa Maore, kililimwa mpunga. Cha juu kabisa kilipandwa mikaratusi, kikakauka mpaka watoto wakacheza mpira. Kufikia mwaka 1996 hapakuwa na kazuva hata moja, na hatukulia. Nani angelilia ua, wakati kila nyumba ina saa ukutani?

Mwezi Agosti 2011 alikuja mtaalamu wa mimea kutoka chuo kikuu, Daktari Fortunata, naye yuko hapa leo. Alibeba karatasi ngumu yenye mmea mkavu uliobandikwa, uliochumwa kabla ya uhuru, na chini yake pameandikwa tu: kinamasi, Upare Kusini. Akaonyeshwa nyumba ya msimamizi wa maji.

"Shikamoo baba. Naomba kuuliza, huu mmea mnaufahamu?"

"Marahaba. Huo ni kazuva."

"Asante Mungu! Baba, nimetembea wilaya nzima wiki tatu, wewe ni wa kwanza kuutaja jina! Unajua hatujauona popote pengine? Si Usambara, si Kilimanjaro, si nchi jirani. Ni hapa Same tu. Uko wapi?"

Mzee alitazama karatasi ile muda mrefu. Mama Koleta alisema alidhani ameshikwa na kichwa. Kisha akasema, "Mwanangu, aliyeung'oa ni mimi."

Daktari akacheka kwa adabu, akidhani ni utani. Mzee hakucheka. Jumapili iliyofuata aliomba nafasi ya matangazo kanisani, akasimama mahali hapa aliposimama msomaji wenu, akasema, "Tulikuwa na kitu ambacho Mungu alikiweka wilaya yetu peke yake, dunia nzima. Mimi nikakiondoa kwa sababu nilikuwa na saa. Dada Faustina aliniambia, nikamcheka. Ninamwomba radhi mbele yenu." Wote wakageuka kumtazama dada Faustina. Naye akasema, "Nimesikia. Sasa katafute."

Jamani, alitafuta! Mwaka huo huo aliacha usimamizi wa ndiva, akiwa na miaka sitini na mitano, akashika fimbo, akaanza kupanda na kushuka kila penye unyevunyevu kati ya Gonja na mlima Shengena. Miaka kumi na moja. Alirudi na mimea ya kila aina ndani ya mfuko wa rambo, anaingia uani anapiga kelele, "Mama Magreth, njoo, njoo, ndiyo hii!" Mama Koleta anaacha chungu, anavunja jani, ananusa, anasema, "Hili ni pori, Baba Magreth." Sufuria zake zote ziligeuka vitalu vya pori. Mara moja aliteleza akavunja mkono, na alipoletwa nyumbani neno la kwanza lilikuwa, "Mfuko wangu uko wapi?" Tulimwonea huruma, na tulimcheka pia, tusidanganyane. Yeye alitaka jambo moja tu, na alilisema wazi kwa kila aliyemsalimia: aone kazuva imefunguka Mlesa, kwa macho yake, kabla hajafa.

Sasa lile jiko. Aprili 2022 masika yalikuja kwa hasira, na Jumapili moja tulipotoka kanisani tukakuta ukuta wa nyuma umelala chini. Matope meusi ya mwaka 1983 yalikuwa yametapakaa pale yanapopita maji ya kuoshea vyombo. Mzee akasema atayazoa. Akasema kesho. Akasema wiki ijayo, kwa mara ya kwanza maishani mwake akachelewesha kitu, na ninaamini Mungu ndiye aliyemkalisha kitini. Tarehe 17 Juni asubuhi akachukua jembe kusafisha magugu yaliyoota juu ya kifusi. Mama Koleta alikuwa anasugua sufuria. Harufu ya ndimu ikampita puani, na nyumba yetu haina mndimu.

"Baba Magreth," akasema taratibu, "weka jembe chini."

"Namalizia hapa tu."

"Eliamini! Weka jembe chini!"

Hajawahi kumwita kwa jina mbele za watu. Akaliweka. Wakapiga magoti wote wawili pale kwenye maji machafu, wakahesabu: miche kumi na moja, majani ya mviringo, kidole kimoja urefu wake. Mzee akavunja kipande kidogo mno cha jani, akanusa. Kisha akainuka, akaingia ndani mbio, mzee wa miaka sabini na sita, akatoka na pembe.

Weee! Siku hiyo Ngeraha ilikimbia. Watu walikuja na majembe, na sepetu, mwingine na godoro, wakidhani ndiva imepasuka. Uwanja ukajaa. "Imepasukia wapi? Imepasukia wapi?" Mzee ameshika pembe, machozi yanamtoka, anaonyesha kifusi cha jiko tu. Dada Faustina alifika wa mwisho, na fimbo yake. Watu wakampisha. Akaletewa kipande cha jani. Akanusa, akanusa tena, akakaa chini kwenye matope na kanga yake safi. "Ndiyo yenyewe," akasema. "Ndiyo yenyewe, mdogo wangu." Hapo uwanja ukalipuka vigelegele mpaka mbuzi wakakata kamba.

Kamati ya ndiva ikakaa pale pale na kumtoza adhabu yake, kwa kupuliza pembe bila kazi ya kijiji. Aliikubali kwa furaha. Tulipika makande siku mbili.

Daktari Fortunata alipopigiwa simu alipiga kelele hata wa nyumba ya pili wakasikia, na kesho yake jioni alikuwa amefika kwa bodaboda, kiatu kimoja kimebaki njiani. Alitueleza kwamba mbegu nyingine za kinamasi zinaweza kulala ndani ya matope, gizani, miaka mingi, zikingoja maji na mwanga. Kumbe miaka thelathini na tisa yote, hata mzee alipokuwa anazunguka milimani, kazuva ilikuwa imelala ukutani kwake, nyuma ya chungu cha makande! Mama Koleta ameahidi kutomsahaulisha hilo hata mbinguni.

Ila miche ile, tuliyoihamishia katika beseni, haikuchanua. Ilizaa majani, ikatambaa, lakini ua hakuna. Daktari akasema pengine inataka kwao: matope ya Mlesa na maji ya chemchemi yanayotembea. Na Mlesa ilikuwa tangawizi. Mwezi Septemba 2022 mzee alisimama kwenye mkutano wa kijiji akaomba kinamasi kirudishwe. Dickson, kijana wa moja ya familia sita, akauliza swali ambalo wengi tulikuwa nalo tumboni. "Babu, samahani. Hilo ua linaliwa?"

"Haliliwi, mjukuu wangu."

"Linauzwa?"

"Haliuzwi. Na usipotaka kutoa kipande chako sitakulazimisha, maana niliwalazimisha watu mara moja nikakosea. Mimi ninatoa changu."

Kesho yake walimkuta peke yake anang'oa tangawizi yake, changa, mistari yote. Siku ya tatu Dickson akaja na jembe. Kufikia Novemba familia nne zilikuwa zimetoa sehemu zao, na mifereji iliyokausha kinamasi ikazibwa.

Januari 2023 wakapanda. Machi mbuzi wakala yote. Novemba wakapanda tena, kutoka beseni lile lile, safari hii kwa uzio wa miiba. Mwaka 2024, majani tu. Mwaka 2025, majani tu, lakini yameshika kinamasi upana wa sebule ya nyumba. Kila Jumatatu mzee alipanda kutazama, na kila Jumatatu jioni alisema, "Wiki ijayo."

Oktoba 2025 miguu ilianza kuvimba na pumzi kumpungukia. Alitibiwa Same, kisha Moshi, wakamwambia moyo umepanuka na umechoka. Madaktari na wauguzi walimhudumia kwa upendo na tunawashukuru. Aliruhusiwa kurudi nyumbani tarehe 12 Januari mwaka huu. Kupanda Mlesa hakuweza tena. Mjukuu wake Agape, fundi cherehani wa Same mjini, akafunga kibanda chake na kuja kuwa macho yake. Tarehe 5 Februari Agape alishuka akisema ameona kichomozo cha ua. Kimoja.

"Usikiguse," mzee akasema. "Usikikate ukaniletea. Nimeng'oa mara moja, inatosha."

Jumapili tarehe 8 Februari, saa mbili asubuhi, Agape akashuka mbio, hana kilemba, hana kandambili. "Babu! Ncha imepasuka, njano inaonekana!"

"Nipelekeni."

"Utafia njiani," Mama Koleta akasema.

"Basi nifie njiani, Mama Magreth, lakini nikiwa napanda."

Nyumbani walikuwa watatu tu. Wote wengine tulikuwa kanisani. Mama Koleta akaitazama pembe ukutani. Mwanamke hajawahi kuipuliza, na siku ya Bwana haipulizwi. Akaitwaa, akasimama mlangoni, akaipuliza. Ililia kama ndama aliyekanyagwa, lakini ililia! Mchungaji alikuwa katikati ya mahubiri. Akanyamaza, akasikiliza, akasema, "Hiyo ni ya Mzee Saa Nne," akavua kanzu yake na kushuka madhabahuni. Ndiye aliyeshika machela mbele, na Dickson akashika nyuma, na usharika mzima ukapanda nao kwa nguo za kanisa.

Tulifika saa nne kasorobo kwa saa ya mzee. Na hapo hapo wingu likatoka Shengena, likafunika. Ua limefumba. Tulisimama kuzunguka kinamasi, watu kama mia mbili, hakuna anayekohoa. Saa nne ikafika. Mzee ameinua mkono, anaitazama saa. Saa nne na dakika tano. Dada Faustina akasema, "Acha kuitazama hiyo saa, unaitia aibu." Saa nne na dakika kumi wingu likahama, jua likashuka kinamasini, na kazuva, polepole, petali moja baada ya nyingine, mbele ya macho yetu, ikafunguka.

Mzee hakulia. Alicheka! Alicheka mpaka machela ikatikisika. "Dada Faustina," akasema, "kumbe saa yangu iko mbele dakika kumi!"

"Nilikuambia mwaka themanini na tatu," akajibu.

Wenye elimu watasema ni wingu. Sisi tulikuwepo. Mzee akavua saa, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1969 mbali na kuoga, akaiweka kiganjani mwa dada Faustina. "Chukua. Mimi sina tena shughuli nayo." Kisha akatugeukia watoto wake. "Siku yangu, msinibebe kwa saa ya mtu. Kazuva ikifunguka, nibebeni."

Aliishi siku nne zaidi, anakula, anasimulia, kila anayeingia anasimuliwa upya. Alhamisi tarehe 12 Februari 2026, saa tisa alasiri, akiwa ameshikwa mkono na Mama Koleta, aliaga dunia akiwa na umri wa miaka sabini na tisa. Kwa taarifa yenu, saa hiyo kazuva ilikuwa imeshafunga.

Ameacha mjane, Mama Koleta, watoto watano, Magreth anayesoma haya, Benson, Sifael, Asheri na Anaeli, wajukuu kumi na wanane, vitukuu wanne, dada Faustina, ambaye ameivaa ile saa leo, nanyi msimuulize wakati, atawadanganya kwa dakika kumi, na kazuva za Mlesa, ambazo jana jioni zilihesabiwa vichomozo saba.

Sasa mmeelewa kwa nini ratiba haina saa. Agape yuko Mlesa tangu asubuhi, na pembe anayo. Ninaona mawingu kama mnavyoyaona ninyi. Yakikaa, tutaimba, na makande yapo. Baba aliyangoja haya miaka kumi na mitano. Sisi hatutashindwa na asubuhi moja.

Baba, zamu yako umeishika mpaka mwisho, na maji umeyapitisha kwetu. Lala sasa, usihesabu. Nasi tukisikia pembe tutasimama, tutakubeba.